Kijana anayetaka upelelezi aanze na kalamu

Kila tangazo la ajira za Jeshi la Polisi linapotoka, vijana wa hapa Iringa na wa kule Mbeya huanza mazoezi upya. Ukungu haujaondoka, wao wako barabarani wanakimbia. Nawapongeza kwa moyo wote. Ila anayeniambia kwamba shabaha yake ni upelelezi, huwa namuuliza jambo jingine: unaweza kumsikiliza mama aliyefiwa kwa saa mbili, ukaandika alichosema bila kumlisha maneno?

Sisi tunaowashauri vijana hatuwaambii hili. Tunawasimulia misako na kufukuzana na majambazi, wakati kesi nyingi huharibikia mezani, kwenye karatasi.

Njia ya kuingia yenyewe inajulikana. Unaomba ajira, unachaguliwa, unakwenda Shule ya Polisi Moshi, unatoka konstebo. Utasimama lindo, utafanya doria, utakaa kaunta ukipokea malalamiko. Baadaye anayeonekana anafaa hupelekwa kozi ya upelelezi, huvua sare, na cheo chake huanza kuandikwa na herufi D mbele. Wilayani bosi wake ni OC-CID, yaani mkuu wa upelelezi wa wilaya, mkoani ni RCO, mkuu wa upelelezi wa mkoa, na juu yao wote yuko DCI, mkurugenzi wa upelelezi wa nchi nzima.

Baada ya hapo ni majalada ya kesi. Tuchukue mfano wa duka lililovamiwa usiku Mafinga. Shahidi anasema, "Nilimtambua." Mpelelezi mvivu ataandika neno hilo na kumpa mtu asaini. Hapo kesi imeshakufa, hata kama mtuhumiwa ndiye kweli. Tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani katika shauri la mtu aitwaye Waziri Amani, mwaka 1980, mahakama zetu hutaka kujua utambuzi ulifanyika katika mazingira gani. Kulikuwa na mwanga gani, taa ya umeme au sola ndogo ya ukutani? Ilining'inia wapi? Mlikuwa umbali gani? Ulimwona kwa muda gani? Ulikuwa unamfahamu kabla? Na mtu wa Mufindi ataongeza la kwake: ukungu ulikuwaje usiku huo? Kisha lipo swali ambalo wengi hulisahau, nalo huwaponza: baada ya tukio, nani wa kwanza uliyemtajia jina lake, na ulimtajia lini? Shahidi aliyemtambua jirani yake halafu akakaa wiki nzima bila kumtaja, wakili atamchambua mpaka basi.

Maswali hayo hayahitaji bastola. Yanahitaji mtu mwenye subira, anayeandika sentensi iliyonyooka, na anayejua kwamba bibi wa Kilolo anayezungumza Kihehe tu atafutiwe mkalimani, na jina la mkalimani liingie kwenye maelezo.

Vielelezo navyo ni hivyo hivyo. Panga lenye damu lililookotwa shambani lina safari ndefu: nani aliliokota, nani alilifunga na kuliwekea alama, lilitunzwa chumba gani, nani alilipeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, nani alilirudisha. Mkono mmoja usipoandikwa, upande wa utetezi utauliza kama hili ndilo panga lenyewe, na watakuwa na haki ya kuuliza.

Kuhusu kumpiga mtuhumiwa ili akiri, nasema wazi: huo ni ukatili, na ni uvivu wa kazi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inatoa saa nne za kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, na ukihitaji zaidi unafuata utaratibu wa kuongeza. Ungamo linalopingwa kwamba halikuwa la hiari huzaa kesi ndani ya kesi, ya kuamua kwanza kama ungamo lipokelewe, na likitupwa, jalada lililolitegemea peke yake halibaki na kitu.

Ipo pia siku jalada litamhusu askari mwenzako. Tarehe 2 Septemba 2012 mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa Nyololo, wilayani Mufindi, polisi wakiwa kazini. Mwaka 2016 Mahakama Kuu Iringa ilimtia hatiani askari kwa kuua bila kukusudia, akafungwa miaka 15. Kijana anayetaka kazi hii ajiulize kama mkono wake utaandika kwa uthabiti ule ule siku hiyo.

Ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu maneno "upelelezi haujakamilika" yamewaweka watu mahabusu muda mrefu mno. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yalitaka mashtaka yasifunguliwe kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa. Ni hatua nzuri, lakini uzito wake unamwangukia yule yule mwenye kalamu kituoni. Ndiyo maana ningependa wanaochagua askari wa kwenda kozi ya upelelezi wawape kwanza shahidi wa kumhoji na karatasi tupu, kisha wasome kilichoandikwa.

Kijana anayesubiri tangazo lijalo asikae bure. Kesi nyingi husikilizwa mahakama ikiwa wazi, na hakuna kiingilio. Aende akakae benchi la nyuma siku askari mpelelezi anapotoa ushahidi, asikilize hasa wakili wa utetezi anaposimama kumhoji.