Tumwamini Pytheas kwa kiasi gani?

Karibu mwaka 325 KK, Mgiriki aitwaye Pytheas aliondoka Massalia, mji ambao leo ni Marseille, akaelekea kaskazini hadi kisiwa cha Britania. Alieleza pia habari za nchi ya Thule, mwendo wa siku sita baharini kupita Britania, na bahari iliyoganda mwendo wa siku moja mbele yake. Kitabu chake kuhusu bahari kuu kimepotea. Tulichobaki nacho ni vipande walivyonukuu wengine, na sehemu kubwa inatoka kwa Strabo, mwanajiografia Mgiriki wa baadaye, ambaye alimwona kuwa mwongo wa kupindukia.

Kabla ya Strabo alikuwapo Polybius, mwanahistoria wa karne ya 2 KK. Hoja yake ilikuwa hivi: mtu binafsi, tena maskini, angewezaje kusafiri umbali wote ule? Swali la gharama ni la haki, kwa sababu chombo, mabaharia na chakula havipatikani bure. Lakini Polybius mwenyewe alizunguka pwani ya Afrika kwenye Atlantiki kwa meli alizopewa na jemadari Scipio. Anapokataa kwamba mtu asiye na mlezi wa namna hiyo angeweza kufika mbali, anapima mfuko wa Pytheas na kuacha maneno yake bila kupimwa. Massalia ulikuwa mji wa wafanyabiashara, na bati la Cornwall, kusini-magharibi mwa Britania, lilikuwa na wanunuzi. Msafiri angeweza kudandia vyombo vya wenyeji, hatua kwa hatua.

Hata hivyo, wapo wanaomtetea leo kana kwamba hakukosea popote, nao siwaungi mkono. Plinius, mwandishi wa Kirumi, anasema Pytheas alidai maji hupanda dhiraa 80 kuzunguka Britania, yaani zaidi ya mita 35. Katika mlango wa mto Severn, hukohuko Britania, ambako tofauti ya maji kujaa na kupwa ni miongoni mwa kubwa kabisa duniani, haizidi sana mita 14. Labda aliambiwa urefu wa mawimbi ya dhoruba, labda mnakili aliharibu tarakimu. Vyovyote vile, hesabu hiyo haikubaliki.

Ila kosa hilo lisifunike jambo kubwa zaidi. Bahari ya Mediterania karibu haina kujaa na kupwa, na Pytheas alikulia huko. Alipokutana na maji yanayokimbia ufukweni na kurudi, aliyahusisha na mwezi. Mvuvi wa Lamu au Kilwa anayesubiri bamvua hatashangaa, lakini kwa Mgiriki wa Massalia lilikuwa jambo la kuona na kulifikiria mwenyewe. Kipimo chake cha kivuli cha jua huko Massalia nacho kinaiweka latitudo ya mji huo ndani ya nusu digrii ya ile tunayoijua. Huyu hakuwa mtunzi wa ngano.

Strabo mwenyewe anakiri kwamba katika mambo ya anga Pytheas alitumia elimu yake vizuri, na ananukuu habari zake kwamba watu wa kaskazini hutengeneza kinywaji cha asali na hupura nafaka ndani ya majengo makubwa kwa sababu ya mvua na uhaba wa jua. Wakati huohuo, Strabo aliamini kwamba Ireland iko kaskazini ya Britania na kwamba mbele yake hakukaliki. Thule haikuwa na nafasi katika ramani yake, ndiyo maana aliikataa.

Strabo anaripoti jambo linalonivutia zaidi ya yote. Pytheas alisema kuna mahali ambapo ardhi, bahari na hewa vimechanganyika kama konyeza, yule mnyama wa baharini aliye laini kama utelezi, hapatembeleki wala hapapitiki kwa chombo. Kitu hicho alikiona mwenyewe, ila mengine kuhusu mahali hapo aliyasikia tu. Mwongo hana sababu ya kutenganisha hivyo.

Thule yenyewe bado inabishaniwa. Mwanasayansi Geminus ananukuu kwamba wenyeji walimwonyesha Pytheas mahali jua linapolala, kwenye usiku unaodumu saa mbili au tatu. Kwa kuwa Aislandi haikuwa na wakazi zama hizo, hoja ya wenyeji inanielekeza Norwei, kama alivyoona Fridtjof Nansen, mpelelezi wa nchi za barafu. Lakini pwani ya Norwei haigandi, na bahari ile ya barafu inawapa wanaotaja Aislandi silaha ambayo sijaona ikijibiwa vizuri.