Kiburi au upweke?

Mwandishi wa makala yenu anasema vijana wanaorudi kutoka ng'ambo huja na kiburi. Mimi hapa Arua, Uganda, ninaye mmoja wa miaka 15, alirudi kutoka Uingereza Julai mwaka jana, na nilichokiona kwake ni upweke. Kule shule zilikuwa zimefungwa kwa majira ya joto, basi akaja na kaptula sita. Akakuta mvua, na binamu zake wote wako bweni, muhula wa pili unaendelea mpaka Agosti. Wiki nzima nzima hana wa kuongea naye ila mama yangu, bibi yake.

Na bibi hana subira na mtu anayelala hadi saa nne. Alimkalisha kwenye jiwe la kusagia karanga. Siku ya kwanza alisaga kama anapiga pasi, nusu ikamwagika, kuku wakashukuru. Bibi akapiga magoti nyuma yake, akamshika viganja vyote viwili, wakasukuma jiwe pamoja taratibu, bila neno, maana yeye Kiingereza hajui na mjukuu Kiswahili amekisahau. (Baraza la Mawaziri lilipitisha Kiswahili kiwe cha lazima shuleni mwaka 2022, lakini shule aliyoingia mjukuu haina mwalimu wa Kiswahili. Hilo mngeliandika.)

Binamu walipofika likizo, yeye ndiye aliyewapakulia mchuzi wa karanga. Baba yake bado analalamika kwamba mtoto anamkazia macho akigombezwa, ila hiyo ni kesi nyingine.