Mchenza Unaolala Chandaruani

Kosa langu lilikuwa moja tu: nilifungua mdomo mkutanoni. Wakaazi tumekusanyika, kila mtu analalamika kile kiwanja cha pembeni kimegeuka jaa, nami badala ya kunyamaza kama watu wenye akili zao nikasema, "Kwani hapa hapawezi kuwa bustani?" Yakhe, sijamaliza kukaa chini nimeshakuwa mwenyekiti wa kamati. Nimepitishwa kwa makofi. Na mtaani kwetu ukiona umepigiwa makofi na watu hamsini, jua kazi ni yako peke yako.

Wala sikusema upuuzi. Mji wetu huu wa Zanzibar umejaa majina ya miti: Miembeni, Mikunguni, Kikwajuni, Mwembetanga, Mwembeladu, Mnazi Mmoja. Sisi wenyewe ni wa Michenzani, yaani penye michenza, na mwanangu mdogo anajua chenza zinatoka sokoni Darajani, kama sabuni. Yale majumba marefu kama treni, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, tunayo na namba zake tunazijua. Mchenza ndio hatuna. Nikaona aibu. Aibu ndiyo iliyoniponza.

Tukafungua kundi la WhatsApp, tukafika watu 87. Ukiuliza "Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi nani yupo?" basi vijipicha vya misuli vinamiminika, dua zinamiminika, "Inshallah tuko pamoja kiongozi." Jumamosi yenyewe tulifika wanne. Mimi, bi mmoja muuza maandazi, kijana mwenye Vespa, na mtoto wa skuli aliyetumwa mkate akapitiwa. Kijana wa Vespa akashika jembe, akapigwa picha, moja ameinama hasa, mgongo umepinda, ungemwonea huruma. Kisha akaliegemeza jembe ukutani akawasha Vespa yake. Jembe halikugusa udongo. Mpaka mimi natokwa na jasho la kwanza, ile picha imeshapata "mashaallah" arobaini.

Tulichokitoa mle ndani sitaki kukisimulia mkiwa mnakula. Godoro. Friji bila mlango. Kiatu kimoja kimoja, vyote vya mguu wa kushoto, sijui mwenye miguu hiyo anatembeaje. Na mifuko ya plastiki, ambayo hapa Zanzibar ilipigwa marufuku miaka mingi kabla ya Bara kufuata 2019. Mimi najua ilipigwa marufuku, na wewe unajua. Mifuko yenyewe haijaambiwa.

Juu ya mnazi kunguru wanatutazama tu. Hawa nao, kama hujui, waliletwa kutoka India katika miaka ya 1890 ili wale taka za mjini. Kamati ya usafi ya kwanza, tuseme. Wakafika, wakazionja taka, wakaona vifaranga vitamu zaidi, mpaka leo. Kila nikiwaona nakumbuka kundi letu.

Basi kiwanja kikawa cheupe, kinapendeza. Ndipo wataalamu walipotoka majumbani. Kabla ya hapo hapana mtu, sasa kila anayepita ana maoni. "Kwa nini msifanye kama Forodhani?" Ah! Forodhani ni bustani ya tangu 1936, jubilei ya Sultani Khalifa, na ilipotengenezwa upya mpaka 2009 ni mfuko wa Aga Khan uliotoa fedha. Sisi mfuko wetu ni beleshi moja, na mpini wake ni wa mpera, nimeuchonga mwenyewe, una kifundo katikati kinachokula kiganja.

Aliyenichosha zaidi ni mzee wetu mmoja wa barazani. Huyu kazi yake ni bao na kahawa, na tangu siku ya kwanza alinitazama kwa jicho la nusu akasema, "Hapa hapaoti kitu." Nimeleta mbolea ya ng'ombe, "Hiyo mbichi." Nimepanda asumini, "Upande huo hauna jua." Tukatengeneza kibao cha kukalia, tukakipaka rangi ya kijani, nikaandika kwa chaki chini yake RANGI MBICHI. Ilikuwa Ijumaa. Mzee akapita na kanzu yake nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inakata, akasoma maandishi yangu herufi kwa herufi, akasema "chaki gani hii," akakaa kuyatazama vizuri.

Msikitini alikuwa safu ya pili, mimi ya tatu, nyuma yake barabara. Mungu anisamehe. Kila akirukuu inatandazika mbele yangu milia mitatu ya kijani. Nilifumba macho, nikauma shavu. Tulipotoka hakuzungumza na mimi siku tisa.

Tuache hayo. Mchenza wenyewe tulipaswa kuupanda masika, lakini kikao cha kuamua upandwe wapi kiliahirishwa mara nne, mara msiba, mara harusi, mara mpira. Ukaja kupandwa kaskazi ya Januari, jua limesimama utosini, na maji ya mfereji yanakuja yakijisikia. Kwa hiyo ndoo mbili kila jioni, mimi na bega langu. Mke wangu ananitazama dirishani anasema, "Baba, hapa nyumbani asumini imekauka, wewe unanywesha mti wa watu 87." Sina jibu. Nina ndoo.

Halafu mbuzi. Kuna mbuzi mmoja wa kahawia, sikio limechanika, anayeingia bustanini kama aliyealikwa. Mrehani aliula wote, asumini ameipunguza, siku hiyo nimemkuta na jani la mchenza linaning'inia mdomoni. Nikauliza mtaa mzima mbuzi wa nani. Hapana mtu anamjua. Mbuzi hana baba, hana mama, kashuka na mvua. Nikamfunga kwenye mnazi. Haikupita dakika kumi wakaja wenyewe watatu, kila mmoja na kamba yake, wakagombana pale pale juu ya majani niliyoyapanda mwenyewe.

Ndiyo maana sasa mchenza wetu una vijiti vinne na chandarua cha zamani juu yake. Watu wakipita wanaulizana mti una malaria. Watoto wa skuli wananiita Bwana Shamba, na jioni ukinikuta nakibana kile chandarua chini kwa mawe, pembe moja baada ya nyingine, kweli utadhani namlaza mtoto. Mzee wa barazani akaona, akavunja kimya chake cha siku tisa. "Huo mti hauishi," akasema. "Mwezi hauumalizi."

Umeumaliza. Mmoja, wa pili, na majani mapya yakatoka, madogo, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Nikaanza kushangaa. Kuna siku nilikuwa Makunduchi kwenye maziko, nikalala huko, ndoo haikubebwa. Nikarudi nikiwa nimeshaanza kuupangia maziko na mti pia, nikakuta udongo umelowa. Mvua haikunyesha. Bi wa maandazi anasema si yeye. Kundini nikauliza, nikajibiwa kwa misuli.

Jana nikatoka Alfajiri mapema kuliko kawaida, bado giza. Nikaona kitu cheupe kimechutama kwenye mchenza. Kanzu. Kwa nyuma ina kivuli cha milia mitatu, haikutoka mpaka leo. Mzee ameinua chandarua kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili anamimina maji kwa birika lake la udhu, taratibu, anazungushia shina.

Nikakohoa. Akaruka kidogo, akajikaza.

"Usimwambie mtu," akasema. "Nisije nikatiwa kwenye lile kundi lenu."

Nikamwambia simwambii. Akamimina tone la mwisho, akakiteremsha chandarua, akakandamiza mawe kwa mguu.

"Na wewe jioni punguza maji," akasema akiondoka. "Waozesha mizizi."