Wajukuu Watacheka Nini Kwenye Kabati Zetu?

Mwaka 1937, James Laver, Mwingereza aliyekuwa mtunzaji katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert jijini London, alipanga ngazi ya namna macho ya watu yanavyolipokea vazi kadiri miaka inavyokwenda. Vazi likitangulia wakati wake kwa miaka 10 huonekana la fedheha. Likifika wakati wake, ndilo lenyewe. Mwaka mmoja tu baadaye limechuja. Baada ya miaka 10 linachukiza, baada ya 20 ni kichekesho. Ukifika mwaka wa 50 watu huanza kulitazama kwa udadisi, likitimiza 100 linaamsha mahaba, na kwa miaka 150 limekuwa zuri moja kwa moja.

Ngazi hiyo haikupimwa maabara, wala Laver hakudai hivyo. Lakini inatusaidia kuliuliza vizuri swali la kama nguo tunazovaa leo bila kufikiri zitawachekesha watakaotufuata. Kwa hesabu yake, wachekaji wakubwa ni watoto wetu. Vitukuu watakuwa wameshaanza kuzitamani. Ndivyo ilivyokuwa kwa bugaluu, suruali zenye miguu mipana, na viatu vya raizoni vyenye soli nene vya miaka ya 1970: waliozaliwa na wavaaji walizificha picha za wazazi wao, na waliofuata wakaenda kuzitafuta nguo hizo madukani. Upana wa mguu wa suruali hupanda na kushuka, na anayecheka leo kesho yumo ndani yake. Kama kichekesho ni umbo tu, basi ni deni la muda mfupi.

Wapo wanaosema kwamba safari hii hata hicho kicheko kifupi hakitakuwepo, na hoja zao si za kupuuza. Ya kwanza ni kwamba mavazi yetu ya kila siku yametokana na kazi, si na ikulu. Fulana ilikuwa nguo ya ndani ya mabaharia wa jeshi la Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Jinzi tunayoijua ilizaliwa tarehe 20 Mei 1873, Jacob Davis na Levi Strauss walipopata hataza, yaani haki ya pekee ya mvumbuzi, ya kuimarisha mifuko ya suruali za wafanyakazi kwa vipande vya shaba. Raba zilitoka viwanjani. Utaichekaje nguo iliyobuniwa ili mtu afanye kazi na kukimbia? Hoja ya pili ni kwamba hakuna tena mtindo mmoja unaotawala. Kwenye kituo kimoja cha basi utamkuta aliyevaa suruali ya kubana hadi vifundoni, wa pili kavaa pana kama hema, wa tatu yumo ndani ya skintaiti, na hakuna anayemshangaa mwenzake. Ili zama zichekwe, lazima ziwe na sare.

Hoja ya pili naipa uzito. Ya kwanza inanipa shaka, kwa sababu nguo kuzaliwa na kazi hakuizuii kuja kuwa mzigo baadaye. Kisigino kirefu, ambacho leo kinahesabiwa kuwa pambo la kike, kilikuwa kifaa cha wapanda farasi wa Uajemi: kilishika kikuku cha tandiko ili askari asimame imara anapofyatua mshale. Wanaume wakubwa wa Ulaya wakakidaka katika karne ya 17, Mfalme Louis XIV wa Ufaransa akakitia rangi nyekundu, na kufikia hapo farasi alishasahauliwa zamani.

Tena binadamu ana ustahimilivu wa kushangaza likija suala la kuvaa. Katika karne ya 14 na ya 15 wanaume wa Ulaya walivaa viatu vyenye ncha ndefu zilizojazwa manyoya au kuvumwani ili zisilale. Bunge la Uingereza mwaka 1463, chini ya Mfalme Edward IV, lilipiga marufuku ncha zilizozidi inchi mbili kwa yeyote aliye chini ya cheo cha lodi. Ukiisoma sheria hiyo leo unacheka. Lakini mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha matokeo ya kuchunguza mifupa ya watu 177 waliozikwa ndani na kando ya mji huo. Kati ya waliokufa karne ya 11 hadi ya 13, asilimia 6 walikuwa na kidole gumba cha mguu kilichopinda na kuota kifundo. Kati ya wale wa karne ya 14 na 15, asilimia 27. Na miongoni mwa walioumia walikuwemo watawa, ingawa Kanisa lilikuwa limewakataza makasisi viatu vya ncha tangu Mtaguso wa Laterano, mkutano wake mkuu wa mwaka 1215. Amri ya miaka zaidi ya mia moja ilishindwa na kiatu.

Krinolini nayo inafundisha jambo ambalo wacheshi wa historia hulipita haraka. Ile fremu ya chuma cha pua chembamba, iliyopata hataza mwaka 1856 na kuitanua sketi kama kuba, ilichekwa hata na magazeti ya wakati wake. Ilinasa kwenye milango, ilishika moto wa mekoni na wa mishumaa kabla mvaaji hajajua kinachowaka, na kanisa lilipoungua mjini Santiago, Chile, mwaka 1863 na kuua watu zaidi ya 2,000, magauni mapana yalitajwa miongoni mwa yaliyozuia watu kutoka. Basi kwa nini waliivaa, tena si mabibi wa majumba tu bali hadi wasichana wa viwandani? Kwa sababu kabla yake, upana uleule ulipatikana kwa kurundika sketi za ndani, moja juu ya nyingine, nzito, za joto, zinazojikunja miguuni. Fremu ilikuwa nyepesi. (Naam, ilikuwa nafuu.) Anayeitazama kutoka mbali anaona ngome; aliyekuwa ndani yake aliona miguu yake imefunguliwa. Sidhani kama kuna vazi la kuchekesha ambalo halikuwa na sababu nzuri kwa aliyelivaa.

*

Kicheko chenyewe, isitoshe, si hakimu wa kuaminika. Mwaka 1851 Amelia Bloomer, mhariri wa gazeti la wanawake nchini Marekani, alitetea vazi la sketi fupi juu ya suruali pana zilizofungwa vifundoni. Lilikuwa safi, salama, na mtu aliweza kupanda ngazi amebeba mtoto. Wachora vibonzo walilirarua, watoto wa mitaani wakawazomea wavaaji, na baada ya miaka michache yeye na wenzake wakarudi kwenye magauni yao. Mjini Paris, amri ya polisi ya mwaka 1800 ilimtaka mwanamke anayetaka kuvaa kiume aombe kibali, na ni mwaka 2013 tu serikali ya Ufaransa ilipotamka rasmi kwamba amri hiyo haina nguvu tena. Waliozomea ndio wanaoonekana vichekesho sasa. Kwa hiyo anayeorodhesha leo "mitindo ya kijinga" ya vijana, mlegezo na nywele na vitoboo, ajue kwamba huenda anajiandikisha yeye mwenyewe kwenye orodha ya kesho.

Nadhani tunachotakiwa kutazama ni sababu zaidi ya umbo. Umbo hurudi. Sababu ikishakufa na vazi likabaki linavaliwa kwa mazoea, au ikagundulika kuwa sababu yenyewe ilikuwa kumuumiza mtu mwingine, hapo wajao hawatatuelewa.

Chukua tai. Ilitokana na vitambaa vya shingoni vya askari wa Kroatia waliopigana upande wa Ufaransa katika karne ya 17, na leo hakuna anayeweza kukuambia inafanya kazi gani. Haifungi kitu, haizuii baridi. Watafiti wa Kiel, Ujerumani, walionyesha mwaka 2018 kwamba tai iliyokazwa ilipunguza damu inayokwenda kwenye ubongo kwa wastani wa asilimia 7.5. Wizara ya afya ya Uingereza iliwaondolea madaktari tai mwaka 2007 kwa hofu ya vijidudu, maana ni nguo inayogusa kila mgonjwa na haifuliwi. Japani mwaka 2005 serikali iliwataka watumishi waache koti na tai wakati wa kiangazi ili viyoyozi viwekwe kwenye nyuzi 28 badala ya kupoza ofisi kwa ajili ya suti. Unapozipoza ofisi ili watu waweze kuvaa nguo za nchi za baridi, kuna kitu kimekaa kichwa chini miguu juu.

Watetezi wa tai hawakosi la kusema. Ni sare, na sare ina usawa wake: kijana aliyetoka familia maskini akivaa suti na tai kwenye usaili anaficha mengi ambayo fulana ingeyafichua. Mahali ambapo "vaa upendavyo" ndiyo kanuni, wanaojua siri ya kuvaa kawaida kwa gharama kubwa ndio wanaoshinda. Hili ni la kweli. Ndiyo maana sidhani kama tai itachekwa sana. Itaishia njia ya wigi. Wigi la unga lilikuwa vazi la kila siku la mwungwana hadi mwaka 1795 serikali ya Uingereza ilipolitoza kodi unga wake. Baada ya hapo likabaki kwa majaji na mawakili, na hata huko, tangu mwaka 2008, majaji hawalivai tena katika kesi za madai za Uingereza na Wales. Vazi likiwa la sherehe watu hulitazama kwa heshima fulani.

Mchuchumio hauhitaji maneno mengi. Anayeupenda auvae. Kitakachoshangaza ni kwamba kulikuwa na waajiri walioulazimisha, hadi Ufilipino ikalazimika mwaka 2017 kutoa agizo la kuwazuia.

Jinzi zilizochanwa ndizo ngumu zaidi. Wakosoaji wengi husimama kwenye jambo jepesi, kwamba mtu mzima ananunua nguo mpya yenye mashimo. Hilo linajibika. Wapanki, vijana waasi wa muziki wa panki wa miaka ya 1970, walipochana nguo zao na kuzibana kwa pini walikuwa wanasema kitu kwa jamii iliyowatenga. Kitambaa kilichopauka ni laini kuliko kipya, na watu wa zama zote wamependa kitu chenye dalili ya kuishi. Lakini dalili ya kuishi ikitengenezwa kiwandani, nani ameishi? Ili suruali ipauke magotini kabla haijavaliwa, viwanda vingi viliipuliza kwa mchanga wenye kasi. Vumbi la mchanga huo likawaingia vijana wa viwanda vya Uturuki mapafuni, wakapata silikosisi, ugonjwa uliojulikana kama wa wachimba migodi na usio na tiba, na wengine wakafa. Uturuki ilipiga marufuku njia hiyo mwaka 2009. Mwaka 2022 kampuni ya mitindo ya kifahari ya Balenciaga ikauza toleo dogo la raba zilizochakazwa makusudi, chafu, zenye matundu, kwa dola 1,850. Mtu aweza kuiita sanaa, na mimi sina ugomvi na sanaa. Ila mjukuu akiuliza, swali lake litakuwa kwa nini mtu mmoja alipoteza pumzi ili suruali ya mwingine ionekane imefanya kazi ambayo mwenyewe hakuifanya, na kulijibu kwa neno "mtindo" itakuwa kazi kweli.

Kwa Crocs, vile viatu vyepesi vyenye matundu, zinazotajwa kila mara katika mijadala kama hii, mimi natabiri zitanusurika. Zimekuwepo tangu mwaka 2002, ni nyepesi, zinaoshwa kwa maji, na wauguzi na wapishi wanazivaa saa kumi mfululizo. Hazipendezi, hilo tu.

Kuna tofauti moja kati yetu na waliotangulia ambayo itawarahisishia wachekaji kazi. Nguo za kila siku za mtu wa kawaida wa zamani hazikudumu: zilivaliwa, zikatiwa viraka, zikawa matambara. Makumbusho yamejaa nguo za matajiri, na hata hizo kwa taabu. Sisi tunaacha mabilioni ya picha, na tunaacha nguo zenyewe. Zaidi ya nusu ya nyuzi zinazozalishwa duniani sasa ni poliesta, iliyovumbuliwa Uingereza mwaka 1941, ambayo haiozi kama pamba. Blauzi iliyovaliwa mara tatu na kutupwa itakuwepo jalalani watakapozaliwa wale wa kuikagua, na kwa hali hiyo hata ngazi ya Laver inaweza kuvunjika, maana ni vigumu kuona mahaba katika rundo.

Nikitakiwa kuweka dau juu ya kitu kimoja cha kuchekwa, sitakiweka kwenye tai wala kwenye jinzi, kwa kuwa zote zina watetezi. Nitakiweka kwenye mfuko wa suruali ya mwanamke. Mwaka 2018 tovuti ya Marekani ya The Pudding ilipima jinzi 80 za kampuni 20: mifuko ya mbele ya wanawake ilikuwa mifupi kwa asilimia 48 kuliko ya wanaume, na chini ya nusu yake iliweza kuingiza simu ya kisasa. Nyingine si mifuko kabisa, ni mshono na kifuniko. Mwanamke wa Ulaya wa karne ya 18 alifunga kiunoni, chini ya sketi, mifuko mikubwa ya kitambaa iliyobeba funguo, mkasi, sarafu na chakula cha njiani. Sijawahi kusikia mvaaji akiutetea mfuko wa uongo, si kwa uzuri, si kwa heshima, si kwa desturi. Wanaulalamikia miaka nenda rudi, na bado unashonwa.