Tupimeni selimundu kwanza, jinsia itasubiri

Wiki hii magrupu ya WhatsApp ya kina mama yamejaa tangazo moja. Mjamzito wa wiki kumi anatolewa damu mkononi, sampuli inasafirishwa nje ya nchi, majibu yanarudi yakisema mtoto ni wa kike au wa kiume. Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, haikutajwa hata kwa neno moja. Nimekasirika, na hasira haijanitoka.

Kipimo chenyewe sina ugomvi nacho. Mwaka 1997 mtafiti Dennis Lo na wenzake walionyesha kwamba DNA ya kijusi huelea ndani ya damu ya mama. Leo madaktari wa Uingereza hukitumia kujua kama mama mwenye kundi la damu la Rh hasi amebeba mtoto mwenye Rh chanya, ambaye damu yake inaweza kushambuliwa na kinga ya mama yake. Hapo kipimo kinamlinda mtoto.

Tanzania inakadiriwa kuwa na watoto wapatao 11,000 wanaozaliwa na selimundu kila mwaka. Mtoto huzaliwa na afya yake, maana himoglobini aliyotoka nayo tumboni bado inamkinga. Miezi inapita, vidole vinavimba, macho yanakuwa ya njano, analia usiku kucha. Ndipo ukoo unaanza kumtafuta mchawi, na asipopatikana anageukiwa mama. Binti mmoja wa kwetu aliambiwa na mawifi zake kwamba tumbo lake lina mkosi. Alizika wawili. Hakuna aliyemwambia mumewe kwamba mtoto hapati ugonjwa huu mpaka arithi kinasaba kutoka kwa baba na kwa mama, na kwamba wote wawili wakiwa wamekibeba, kila mimba ina uwezekano wa robo. Mwanamke yule alibeba peke yake lawama ya watu wawili!

Na kliniki ya wajawazito tayari inatoa damu: VVU, kaswende, wingi wa damu. Baba naye huitwa apimwe VVU. Damu ipo, mume yupo kwenye benchi. Kwa nini wasipimwe selimundu palepale, wakaelezwa kwa lugha wanayoielewa?

Kumpima kijusi mwenyewe ni jambo jingine. Huchukuliwa sehemu ya kondo kuanzia wiki ya 11, au maji ya uzazi kuanzia wiki ya 15, kwa sindano yenye hatari ndogo ya kuharibu mimba, na wataalamu wake ni wachache. Hilo nalikubali, kwa shingo upande, kwa sababu selimundu ilianza kutambuliwa kwa DNA ya kijusi tangu 1978, kazi ya watafiti Yuet Wai Kan na Andrée Dozy kule San Francisco, Marekani.

Wapo wanaosema kujua mapema ni mlango wa kutoa mimba. Hofu yao naielewa. Lakini mwaka 2022 madaktari wa Ottawa, Kanada, walitangaza kwamba walimtibu mtoto mwenye Pompe, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli na moyo, akiwa bado tumboni, kwa sababu kipimo cha vinasaba kilishasema. Kwetu hapa, wazazi wanaojua kwamba wote wawili wamebeba kinasaba cha selimundu watadai mtoto apimwe mara tu azaliwapo. Ataanzishiwa penisilini akiwa na miezi miwili au mitatu, na homa yake ya kwanza itamfikisha hospitali siku hiyohiyo.