Kikao cha kupunguza wafanyakazi si cha kusikiliza na kusaini tu

Katika kampuni nyingi mambo huenda hivi. Meneja anasimama, anaeleza biashara ilivyoyumba, anataja tarehe, kisha karatasi ya mahudhurio inazungushwa. Watu wanasaini na kutoka kimya kama waliotoka msibani. Wiki inayofuata barua zinaanza kugawiwa. Kesho yake mwajiri akiulizwa kama alijadiliana na wafanyakazi, anatoa ile karatasi yenye saini.

Hayo si majadiliano. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio la kupunguza watu mara tu anapoanza kulifikiria. Inamtaka pia atoe taarifa zote zinazohusika ili watu wajadiliane wakijua wanachojadili. Mambo ya kujadiliwa ni matano: sababu za kupunguza, njia za kuepuka au kupunguza idadi ya watakaoondoka, namna ya kuwachagua, wakati wa kutekeleza, na malipo ya kiinua mgongo. Wengi hawajui kuhusu hilo la mwisho. Kiwango kilichotajwa na sheria ni cha chini kabisa, na kikao hicho ndicho mahali halali pa kudai zaidi yake.

Nani aitwe? Kama kuna chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa kazini, mwajiri anajadiliana nacho. Kama kuna chama kilichosajiliwa chenye wanachama hapo ambao hawawakilishwi na kile kinachotambuliwa, nacho kinahusika. Wasiowakilishwa na chama chochote wanashirikishwa wenyewe. Kosa linalojirudia ni mwajiri kumaliza mambo na mwenyekiti wa tawi, halafu wasio wanachama wanapewa barua bila kuulizwa neno.

Sheria haikutaja idadi ya siku za majadiliano, na mwanya huo hutumiwa vibaya: kikao kimoja cha asubuhi, jioni barua. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, zinakubali kwamba dharura ya biashara inaweza kufupisha mazungumzo. Lakini hazimruhusu mwajiri ajitengenezee dharura kwa kuchelewa kuyaanza. Nanyi upande wenu msigomee vikao. Kanuni hizo hizo zinakataza wanaopaswa kushirikishwa wasikwamishe mazungumzo kwa kukataa kuhudhuria, kwa hiyo kususa kunampa mwajiri hoja ya bure.

Kabla ya kikao cha kwanza, au ndani ya siku mbili baada yake, pelekeni barua ya kuomba taarifa. Ombeni takwimu za mapato na gharama zinazothibitisha sababu iliyotajwa, nafasi zinazofutwa idara kwa idara, muundo mpya, orodha ya njia mbadala zilizofikiriwa na kwa nini zilikataliwa, vigezo vya uchaguzi, na hesabu ya malipo. Barua ipokelewe na nakala yenu igongwe muhuri. Mkijibiwa kwamba ni siri ya biashara, ombeni jibu hilo nalo kwa maandishi. Muundo mpya utazameni kwa makini zaidi. Ukiwa na tarehe ya kabla ya kikao cha kwanza na tayari una majina ya watu, ni ushahidi mzito kwamba uamuzi ulishapita na kikao kilikuwa geresha.

Njia mbadala zisiachwe kwa mwajiri peke yake. Kusitisha ajira mpya, kuondoa ovataimu, likizo bila malipo kwa wanaokubali, kuhamisha watu idara, kuwaruhusu wanaotaka kuondoka kwa hiari waanze: pendekezo lenye hesabu ya fedha litakazookoa ni gumu kupuuzwa kuliko maombi ya huruma.

Vigezo vya uchaguzi ndipo hila nyingi hujificha. Kinachotajwa mara nyingi ni aliyeingia mwisho kutoka kwanza, huku ikizingatiwa haja ya kubakiza wenye ujuzi, uzoefu na sifa maalumu. Ni sawa, ilimradi kipimo ni kimoja kwa wote. Kigezo kinachogusa haki za msingi, kama ujauzito au uanachama wa chama, hakiwezi kuwa cha haki. Shakeni pia kigezo cha "mwenendo" kinachoibuka ghafla bila rekodi yoyote kwenye mafaili. Kama tatizo ni nidhamu, kuna utaratibu wake, wenye mashtaka na kusikilizwa.

Kuna mtego mmoja ambao watu hawauoni: kazi mbadala. Mwajiri akikupa nafasi nyingine ukaikataa bila sababu ya msingi, unaweza kukosa kiinua mgongo. Kwa hiyo usijibu kwa mdomo, wala usinyamaze. Andika sababu: mshahara ni mdogo kwa kiasi gani, kituo kiko mbali kiasi gani, kazi yenyewe inatofautianaje na taaluma yako.

Tukirudi kwenye saini, karatasi ya mahudhurio saini tu, ila weka tarehe na saa, na kama kichwa chake kinasema "makubaliano", andika pembeni "nimehudhuria, sijakubali". Muhtasari wa kikao usomeni wote kabla ya kuusaini, na yaliyoachwa yaongezwe. Na usikubali kubembelezwa uandike barua ya kuacha kazi ili "upate malipo haraka". Aliyeacha kazi mwenyewe anajifungia mlango wa kudai kwamba aliachishwa isivyo halali, na fao la kukosa ajira la NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, halimhusu.

Sasa hesabu. Kiinua mgongo ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa aliyefanya kazi mfululizo miezi 12 au zaidi, na hesabu inaishia miaka 10. Mshahara wa siku haupatikani kwa kugawa kwa 30. Kwa anayelipwa kwa mwezi, unagawa kwa 4.333 mara siku anazofanya kazi kwa wiki. Kwa siku sita hiyo ni 26. Chukua mshahara wa msingi wa shilingi 780,000 na utumishi wa miaka 12. Ukigawa kwa 26 unapata 30,000 kwa siku, 210,000 kwa mwaka mmoja wa kazi, na 2,100,000 kwa miaka 10. Mhasibu akigawa kwa 30, jumla inashuka hadi 1,820,000, na 280,000 zimepotea kwenye mstari mmoja wa karatasi. Anayefanya kazi siku tano anagawa kwa takriban 21.67, kwa hiyo kwake pengo ni kubwa zaidi.

Kuna pia mshahara wa siku ulizofanya kazi, likizo usiyochukua pamoja na ya mwaka ambao haujaisha, notisi ya siku 28 kwa wanaolipwa kwa mwezi au fedha badala yake, na cheti cha utumishi. Kama uliajiriwa sehemu nyingine, mwajiri anawajibika kukusafirisha hadi ulikoajiriwa, na akichelewa kukusafirisha anakulipa posho ya kujikimu kila siku.

Mkishindwa kukubaliana, suala linapelekwa kwenye usuluhishi wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA. Anayepinga kuachishwa anajaza fomu ya Tume ndani ya siku 30 tangu ajira ilipokoma, na nakala anaipeleka kwa mwajiri kabla ya kuiwasilisha. Siku hizo huliwa na ahadi za "njoo wiki ijayo tuongee". Ongeeni, lakini fomu iwe imeshafika Tume. Ukichelewa itabidi kwanza uombe kuongezewa muda na ueleze kila siku uliyochelewa.

Wakati huohuo fungua maombi NSSF. Fao la kukosa ajira ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6, kwa aliyechangia angalau miezi 18. Kagua taarifa ya michango yako ungali kazini. Miezi iliyokatwa kwenye mshahara bila kupelekwa ni rahisi kuidai ukiwa bado unaingia ofisini kuliko ukiwa getini unaulizwa unamtafuta nani.