Mvuje na Mgeni wa Kizungu

Daktari aliposema mke wangu ana siliaki, tulidhani kazi ni kuziaga chapati na maandazi tu. Ngano, shayiri na rai marufuku, alisema, maana zina gluteni, na utumbo wake hauitaki hata chembe. Sawa, wali upo, ugali upo, muhogo upo. Nani angelifikiria kabati la viungo?

Mke wangu akavaa miwani, akaanza msako. Iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga zikapita bila maswali, kwa kuwa zote zilikuwa nzima. (Kusaga tunasaga wenyewe siku hizi, mashine ya mtaani huwezi kujua imetoka kusaga nini.) Sosi ya soya ikaanguka: imetengenezwa kwa ngano. Bizari ya mchuzi ya pakiti nayo imejaziwa unga. Kilichomuuma hasa ni mvuje. Kupika dengu alifundishwa na jirani yetu Mgujarati, na kwake dengu bila mvuje ni maji ya njano. Kumbe mvuje wa kikopo ni mkali mno peke yake, kwa hiyo huchanganywa na unga, na wetu uliandikwa, kwa herufi za kusomwa na sisimizi, unga wa ngano.

Nikatumwa Kisutu kutafuta mvuje halisi, ule wa donge. Mwenye duka akanitazama. "Wa kula au wa dawa?" Wa kula, bwana. Akalizungushia gazeti, akalifunga nailoni, akazungushia gazeti tena. Haikusaidia kitu. Kwenye daladala abiria walifungua madirisha mmoja baada ya mwingine, na konda akapita akikagua soli za viatu vya watu. Na mimi nikainua vyangu, nikavitazama kwa mshangao.

Nafika nyumbani, mama mkwe kashuka kutoka Tanga bila taarifa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Pua ikacheza. "Mvuje huo. Nani kapandisha?"

Kwao mvuje hufungwa mtoto mchanga kumkinga na jicho baya, na hufukizwa mwenye mashetani. Kwenye dengu hajapata kuuona.

"Hakuna aliyepandisha, mama. Ni wa mwanao. Kakatazwa ngano."

"Akila?"

"Tumbo linavimba, anadhoofu, siku nzima hana raha."

Mama akakaa kitako. "Na vyombo?"

"Vyake mbali. Chujio lake, kibao chake, mwiko wake."

"Yarabi! Kayapata wapi?"

"Daktari anasema yanafuata ukoo."

"Kwangu hatuna," akasema upesi. "Hayo ni ya baba yake." Akashusha sauti. "Jina kishataja?"

Nikadhani anauliza kilichomo kwenye ngano. "Gluteni."

Akalitafuna jina lile kimyakimya. "Huyo si wa pwani. Wa Kizungu huyo."

"Ndiyo, mama, na Ulaya wanao wengi," nikajibu, bado sijajua tunazungumza nini.

Mke wangu alipotoka bafuni na kusimuliwa, alicheka mpaka akajishikiza ukutani. Kisha akamkalisha mama, akamwonyesha majibu ya damu na karatasi za kipimo cha utumbo, akamweleza taratibu. Mama alisikiliza kwa adabu zote. "Hospitali nao wana yao," akasema. Jioni nikamkuta barazani na simu sikioni, ananong'ona na fundi wake wa Tanga.

Asubuhi akaniita pembeni, amefurahi.

"Mkwe wangu, tumshukuru Mungu. Fundi kasema Mzungu huyo hana shari, ana njaa tu. Chukua kalamu. Chano kipya, ubani, marashi. Chai ya maziwa. Biskuti. Na mkate wa siagi, ule mkubwa, na mkeo aule wote asibakize."